Baba ameapa hakanyagi kwa ami, na ami yu mgonjwa

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Baba aligombana na mdogo wake kwa mpaka wa shamba la minazi, akaapa wallahi hakanyagi kwake mpaka afe. Huu mwaka wa sita. Sasa ami yu kitandani, kila siku anamuulizia. Tukimsihi baba hujibu: "Neno la mwanamume ni moja." Je, kweli kiapo kimemfunga?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu. Hakikumfunga hivyo. Katika hadithi ya Abu Hurayra aliyoipokea Bukhari, Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mtu kung'ang'ania kiapo chake juu ya watu wake ni dhambi kubwa zaidi mbele ya Allah kuliko kukivunja na kutoa kafara, yaani fidia ya kiapo. Baba anadhani anaikimbia dhambi, kumbe ameikalia. Na hapo sijagusa kususiana kupita siku tatu, nako kumekatazwa. Hilo la "neno moja" ni la barazani, si la dini.

Msimulieni habari ya Sayyidna Abubakar. Alikuwa akimlisha jamaa yake maskini, Mistah. Bi Aisha, binti yake, aliposingiziwa, Mistah naye akawa katika waliosambaza uvumi. Hebu fikiri: unamlisha mtu, naye anamchafua binti yako! Abubakar akaapa hampi tena kitu. Ikashuka aya ya 22 ya Sura An-Nur: "Je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?" Akasema naam, anapenda, akamrudishia matumizi yake. Mpaka wa minazi haufiki hapo.

Kafara yake ni kulisha maskini 10. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kila mmoja kibaba cha mchele, jumla pishi mbili na nusu (pishi ni vibaba vinne) kwa kipimo kile kile cha zaka ya fitri. Wapewe chakula, si pesa. Kufunga siku 3 ni kwa asiyeweza. Wengi hukimbilia kufunga ilhali gunia limejaa ndani. (Umeandika "wallahi". Angeapa kwa talaka, ningetaka nimsikie mwenyewe.)

Msimkabili mbele ya wajukuu, atazidi kukaza. Tafuteni mtu wa rika lake, wanaoswali safu moja, azungumze naye wakitoka Alfajiri. Chakula cha kafara chaweza kutolewa kabla kiapo hakijavunjwa, na huenda hilo likamlainisha: atoke nyumbani keshajikomboa. Mchele usipopatikana asubuhi hiyo, aende hivyo hivyo, kafara itafuata.