Vile vipande saba, mkasi usiviguse

SWALI: Shikamoo mama. Bibi mzaa mama amefariki, nimeachiwa sanduku lake la kanga. Nasomea sanaa na nataka kumtengenezea kazi ya ukutani. Mna doti nne kamili na vipande saba visivyo na wenzake. Nafikiri nikate hivyo saba, maana havivaliki tena. Nivifue kwanza? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni kwa msiba. Mkasi uweke chini. Kanga huuzwa vipande viwili vilivyoshikana. Bibi yako alikata katikati, akapinda, kimoja akakitoa. Alimpa nani? Shoga yake? Wifi? Aliyemkanda alipojifungua? Kazi yako iko hapo. Mimi zile doti nne zisingenishughulisha hata kidogo.

Tandaza kimoja kimoja mkekani mbele ya wazee wa kike waliobaki, soma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, kwa sauti, kisha nyamaza. Nasema haya kwa uchungu. Niliwahi kukata kanga ya marehemu mama. Nilitaka mji tu, lile pambo la katikati, zile korosho kubwa za manjano. Ukanda wa jina nikautupa. Siku ya maonyesho khalati akasimama mbele ya kazi yangu: “Na maneno yake yako wapi?” Yalikuwa *Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake*. Kumbe mama aliivaa siku baba alipooa mke wa pili. Miaka yote sikujua, na nilipojua ushahidi ulishakwenda na takataka.

Mtazame mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, akapelekwa Uingereza angali mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa vitambaa. Mwaka 2017 alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza. Yeye kanga huichora kwa rangi, na maneno yake ndani. Nawe unaweza kuchora hizo nusu zilizokosekana, ukaacha za bibi nzima.

Kufua, hapana! Doa la hina na harufu ya udi ukishavitoa havirudi. Gundi pia hapana. Shona kwa mkono utepe wa pamba upande wa juu, pitisha ufito, tundika mbali na dirisha, jua hupausha.

Ukimpata mwenye nusu ya pili, usimwombe akupe. Mwombe aje nayo, aishike kando ya ile ya bibi, umpige picha.