Bomba la mafuta na sheria ya Ufaransa

Kaka, umeuliza bomba la mafuta ghafi la EACOP, lile la kutoka Hoima Uganda hadi Tanga, linalopita Chemba na Kondoa, linahusianaje na sheria ya Ufaransa. Linahusiana sana. TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa, ndiyo mwanahisa mkubwa wa mradi, na tangu 2017 Ufaransa inazibana kampuni zake kubwa: ukiwa na wafanyakazi 5,000 nchini humo, au 10,000 dunia nzima, lazima uandike mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira na uutekeleze, hadi kwenye kampuni tanzu na kwa wakandarasi wako nje ya nchi. Zamani kampuni hizo zilikuwa zinasema tu "hilo ni la kampuni yetu tanzu ya huko, siyo letu."

Ila usidhani ni rahisi. Kesi ya mradi huu iliyofunguliwa Ufaransa 2019 ilitupwa Februari 2023 kwa hoja za utaratibu, kwamba madai yalibadilika kulinganisha na barua ya onyo ambayo kampuni ilitumiwa kabla ya kesi. Inauma, maana kiini chenyewe hakikusikilizwa.

Ndiyo maana nawasihi ndugu zangu: tunzeni karatasi. Mjomba wangu alipothaminiwa shamba ili alipwe fidia (mradi mwingine, siyo huu) alipewa fomu yenye idadi ya miembe iliyoandikwa kwa penseli, hakubakiwa hata na nakala. Piga picha kila fomu kabla hujasaini, tarehe ionekane, na miti ihesabiwe mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Wakili wa Dodoma au wa Paris, wote wataanza kuuliza hiyo fomu.