Skrini yasema mita 1.2, boti imegusa mwamba

SWALI: Mhandisi, habari ya kazi. Mimi nakaa South B, Nairobi, ila nina boti ya faiba kule Shimoni, inavusha wageni kwenda kisiwa cha Wasini. Nilinunua sona, mashine ya kupima kina kwa sauti, hapa mjini, fundi akaifunga tezini, nyuma ya boti. Transduza, kile kichwa kinachotoa sauti na kupokea mwangwi, iko sentimita 30 chini ya usawa wa maji, na ncha ya chini kabisa ya injini iko sentimita 80. Kwenye ofseti, ile namba ya kusahihisha kina kinachoonyeshwa, fundi aliandika 0.5. Mwezi uliopita tuligusa matumbawe huku skrini ikisoma mita 1.2. Fundi akapandisha geini, yaani usikivu wa mashine, hadi mwisho, sasa namba zinaruka: mara 3, mara 6. Ananishauri ninunue yenye wati nyingi ili ione mbele. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Sona yako ni nzima, na siku ile ilipima sawasawa. Kosa liko kwenye ile 0.5.

Kwenye mashine nyingi, ofseti ya kujumlisha inakupa kina kuanzia usawa wa maji. Ofseti ya kutoa inakupa maji yaliyobaki chini ya mkuku, ule uti wa chini wa boti, au injini, chochote kilichoshuka zaidi. Fundi wako alitaka ya pili akaandika ya kwanza. Piga hesabu mwenyewe: transduza ilipima mita 0.7, skrini ikaongeza 0.5, ukaona 1.2. Ilipaswa itoe 0.5, uone 0.2. Yaani nahodha wako alidhani ana zaidi ya mita moja, kumbe chini ya injini ilibaki shubiri moja tu ya maji. Wimbi dogo likiishusha boti, imegusa. Kukosekana kwa alama moja ya kutoa kumekudanganya kwa mita nzima, na botini kulikuwa na watu.

Geini irudishe kwenye hali ya kujiendesha yenyewe, leo hii. Hizo 3 na 6 si namba za kubahatisha. Sauti inagonga mwamba, inarudi, inagonga uso wa maji, inashuka tena kugonga mwamba, na mashine uliyoifanya isikie kila kitu inauchukua mwangwi wa pili na kuuita sakafu ya bahari. Hapo inakuonyesha maji mara mbili ya yaliyopo. Penye kina kifupi na mwamba mgumu, geini kubwa inahatarisha kuliko geini ndogo.

Sasa hili la kuona mbele. Kila juma ananijia mtu Nairobi akiamini kwamba sona ni tochi: ukiongeza nguvu inamulika mbali. Sona ya aina yako inatazama chini, wima. Ikiwa mwali wake wa sauti una upana wa digrii 20, kwenye kina cha mita 3 inaona duara la mita 1 hivi, na duara hilo liko chini ya tezi. Omo, mbele ya boti, imeshapita pale! Ukienda maili 10 za bahari kwa saa, unakata mita 5 kila sekunde, kwa hiyo skrini inakueleza mahali ulipokwisha kutoka. Wati nyingi zina kazi yake kwenye maji ya mamia ya mita. Kwenye mita 3 mwangwi unarudi kwa milisekunde 4 tu, tena una nguvu tele. Sona za kutazama mbele zipo kweli, lakini ni vyombo vingine kabisa, na hata hizo huona umbali wa mara kadhaa tu ya kina cha maji yaliyo chini yake. Penye maji haba zinaona karibu.

Wanaouza hizi mashine wakiahidi zitakuonyesha miamba iliyo mbele wananiumiza moyo. Na wako wanaofunga bila hata kuiona boti ikielea. Wanakata waya wa transduza kwa kuwa ni mrefu, kisha wanaunga kwa utepe. Waya huo haukatwi, unakunjwa na kufungwa pembeni. Wanaibandika transduza ndani ya boti ya mbao, au ya faiba yenye povu katikati, ilhali sauti inapita kwenye faiba iliyoshikana tu. Wanaiweka mkondoni mwa propela, mapovu yanaziba kila kitu boti ikishika mwendo. Halafu wanamtoza mwenye boti pesa za kurekebisha mashine kwa maji chumvi au maji baridi. Jamani! Mashine nyingi huhesabu mwendo wa sauti kuwa mita 1,500 kwa sekunde. Bahari yetu yenye joto inafika kama 1,540, tofauti isiyofika asilimia 3, na inakuonyesha kina kidogo kuliko kilichopo, jambo lisilomzamisha mtu. Maji baridi ya Ziwa Victoria yako karibu kabisa na hiyo 1,500. Kwenye kina cha mita 3, pesa zinaliwa kwa sentimita nane, mita nzima ya ofseti inaachwa.

Wala usiniletee skrini huku Industrial Area niipime mezani. Ofseti haipimwi Nairobi. Inapimwa boti ikiwa majini, imepakia watu na mafuta kama siku ya kazi, kwa bildi: kamba yenye alama na kipande cha risasi. Wazee wa Wasini wanaijua vizuri kuliko mimi. Na nahodha asilinganishe skrini na ramani moja kwa moja. Ramani inahesabu kutoka maji yaliyopwa kabisa, na wakati wa bamvua, yale maji makubwa, maji huko yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3.

Ingiza −0.5. Subiri maji yajae, simamisha boti jirani na pale mlipogusa, shusha bildi kando ya transduza. Kamba ikisoma mita 3 kutoka usawa wa maji, skrini isome 2.2. Isiposoma hivyo, wageni wasipande, na uniandikie namba zote mbili.