Siku 103 za fundi, siku 63 za ghala

SWALI: Chama chetu cha msingi hapa Masasi kinajenga ghala la korosho, na tunalitaka kabla minada haijaanza Oktoba. Fundi ametupa siku hizi: kuchimba msingi 6, kujenga msingi 10, kufyatua matofali na kuyamwagilia mpaka yakomae 21, kuta 18, linta pamoja na kukomaa kwake 9, kuchomelea kenchi za chuma 24, kupaua na kuezeka 8, sakafu 7. Jumla 103. Tumeambiwa tutafute "njia muhimu". Inapatikanaje?

JIBU: Kwanza acheni kujumlisha, maana kazi nyingine zinakwenda sambamba. Mbele ya kila kazi andikeni inasubiri nini. Kuchimba, matofali na kenchi hazisubiri kitu, zinaanza siku moja. Kuta zinasubiri msingi na matofali. Linta inasubiri kuta. Kupaua kunasubiri linta na kenchi, na sakafu inasubiri kuezeka.

Sasa hesabuni kwenda mbele, na penye kusubiri kazi mbili chukueni inayochelewa kuisha. Msingi unaisha siku ya 16, matofali siku ya 21. Basi kuta zinahesabiwa kutoka 21. Zinaisha siku ya 39, linta 48, kuezeka 56, sakafu 63.

Kisha rudini nyuma kutoka 63, mkitoa. Kuta lazima zianze baada ya siku ya 21, kwa hiyo msingi una nafasi ya siku 5, yaani unaweza kuchelewa hivyo bila kuchelewesha ghala. Kenchi zinahitajika siku ya 48, zina nafasi ya siku 24. Zisizo na nafasi hata siku moja ndizo njia muhimu: matofali, kuta, linta, kuezeka, sakafu. Kamati nyingi husimama kwenye shimo la msingi kuhimiza wachimbaji, kumbe ghala linacheleweshwa na mashine ya matofali kule pembeni.

Angalieni mitego. Zile siku 5 za msingi ni za kuchimba na kujenga kwa pamoja. Wachimbaji wakizimaliza, waashi hawana kitu. Mkinunua matofali yaliyokomaa, yakafika siku ya 12, mtadhani mmeokoa siku 9. Mmeokoa 5 tu: msingi bado unaisha siku ya 16, na sasa wenyewe ndio njia muhimu. Jumla inakuwa 58. Na kama vijana wanaofyatua ndio haohao wa msingi, matofali yataanza baada ya siku ya 16 na ghala litafika siku 79. Hilo ulizeni leo, orodha ya fundi hailionyeshi.

Kumaliza 30 Septemba kwa hesabu ya 63, kazi ianze 30 Julai. Hizo ni siku za kalenda. Mafundi wakipumzika Ijumaa, ziongezeni Ijumaa kwenye kuta na kuezeka. Kwenye siku za kukomaa msiongeze, zege halijui Ijumaa.