Je, Franchaizi ya Kupamba Nyumba Zinazouzwa Inalipa Dar es Salaam?

Swali

Ndugu Mshauri, nimefanya kazi ya mapambo ya ndani kwa miaka kadhaa, zaidi katika kumbi za harusi na ofisi. Sasa kampuni moja ya Marekani inayouza franchaizi ya kupamba nyumba kabla hazijauzwa imenikaribisha ninunue haki ya kutumia jina lake na mfumo wake hapa Dar es Salaam. Wanataka ada ya kuingia, mrabaha wa asilimia 7 ya mauzo kila mwezi, na asilimia 2 nyingine kwa mfuko wa matangazo. Kila ninapowauliza nitapata kiasi gani, wananionyesha mapato ya mwenzao mmoja wa huko kwao. Mtu mwenye franchaizi ya namna hii anaweza kutegemea kipato gani?
*Dada mpambaji, Mbezi Beach*

Jibu

Dada yangu, swali lako linapaswa kujibiwa kwa maandishi na hao hao wanaokuuzia, kwa hiyo nianze nao. Nchini Marekani, Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, inamlazimisha anayeuza franchaizi kumpa mnunuzi waraka wa maelezo wenye vipengele 23, angalau siku 14 kabla ya mnunuzi kutia saini au kulipa chochote. Kipengele cha 6 kinataja ada zote za baadaye, cha 7 mtaji wote wa kuanzia, cha 19 mapato ya matawi, na cha 20 idadi ya matawi yaliyofunguliwa, yaliyouzwa na yaliyofungwa. Kipengele cha 19 ni cha hiari, na kampuni inaweza kukiacha bila kuvunja sheria. Tena, tangu kanuni hiyo ya FTC ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2007, inahusu matawi yaliyo ndani ya Marekani na maeneo yake tu, kwa hiyo wewe wa Mbezi Beach huwezi kuudai waraka huo kama haki yako.

Hata hivyo uombe. Kampuni iliyokwisha kuuandaa kwa wateja wa kwao haina sababu njema ya kukunyima wewe. Na wakisita, baadhi ya majimbo, yakiwemo California, Minnesota na Wisconsin, huweka nyaraka za namna hii kwenye mtandao na mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Ukiupata waraka huo, usikimbilie wastani wa mapato. Angalia kwanza kama wanazungumzia mauzo au faida, na kama wastani huo umechukuliwa kwa matawi yote au kwa yale yaliyofanya vizuri peke yake. Kisha nenda kipengele cha 20, ambako hutajwa pia waliotoka katika mwaka uliopita pamoja na namna ya kuwapata. Piga simu kwa hao waliotoka, kwa sababu mmoja aliyefunga tawi lake atakufundisha mengi kuliko yule mmoja unayeonyeshwa.

Sasa tuje kwenye soko, kwa kuwa hapo ndipo hesabu ya Marekani na hesabu ya Dar es Salaam zinapoachana. Kazi hii ilianza kule mwaka 1972 kwa Barb Schwarz wa jimbo la Washington, na ikakua kwa sababu nyumba za kule huuzwa na kununuliwa mara kwa mara, kwa mikopo ya benki na kupitia mawakala wenye leseni ambao humleta mpambaji kama sehemu ya kazi yao. Mwaka 2024, ambao ulikuwa mbaya kuliko yote tangu 1995, bado ziliuzwa nyumba zipatazo milioni 4.06 zilizokwisha kukaliwa. Katika ripoti ya mwaka 2023 ya chama cha mawakala wa Marekani, NAR, asilimia 81 ya mawakala wa wanunuzi walisema nyumba iliyopambwa humsaidia mnunuzi kuiona kama makazi yake, na sebule ndiyo waliyoitaja kuwa chumba muhimu zaidi. Lakini ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba malipo ya kati kwa huduma ya upambaji, yaani nusu yakiwa juu yake na nusu chini yake, yalikuwa dola 600 tu kwa nyumba. Yaani hata kule, anayeishi kwa kazi hii anaishi kwa wingi wa nyumba anazopamba.

Hapa kwetu wingi huo haupo. Mikopo ya nyumba Tanzania haijafikia hata asilimia moja ya pato la taifa. Watu wengi wanajenga kidogo kidogo kwa fedha zao, na nyumba nyingi zinazouzwa Goba, Kigamboni au Bunju huuzwa zikiwa boma, ambapo mnunuzi anatazama kiwanja, hati na barabara, wala hana habari na rangi ya mito ya kochi. Kwa hiyo usimtegemee muuza nyumba wa kawaida. Wateja wako wa kweli ni waendelezaji milki wanaohitaji nyumba moja ya mfano katika jengo lenye nyumba nyingi, wenye apatimenti za Masaki, Oysterbay, Mikocheni na Upanga ambazo kila mwezi zikikaa tupu mwenyewe anapoteza kodi, na Watanzania walioko nje ambao wana nyumba hapa lakini hawana mtu wa kuzisimamia.

Nikupe mfano wa hesabu. Tarakimu ni zangu za kukadiria, nawe weka za kwako baada ya kuzunguka Keko kwa mafundi wa samani na Kariakoo kwa mapazia na mazulia. Tuseme una seti nne za samani za kupamba apatimenti ya vyumba viwili, kila seti imekugharimu shilingi milioni 12, jumla milioni 48. Unatoza shilingi milioni 3 kwa kazi moja ya miezi miwili, na kila seti inatoka mara nne kwa mwaka, kwa sababu katikati kuna muda wa kurudisha, kusafisha, kutengeneza na kusubiri mteja mwingine. Mauzo yako ya mwaka ni milioni 48.

Toa gharama. Kenta na wabebaji, kwenda na kurudi, shilingi 400,000 kwa kila kazi: milioni 6.4. Ghala la shilingi 600,000 kwa mwezi: milioni 7.2. Wasaidizi wawili wa shilingi 500,000 kila mmoja, pamoja na mchango wako wa NSSF: milioni 13.2. Samani zikihesabiwa kuisha thamani kwa miaka minne: milioni 12 kwa mwaka. Bima, picha, simu na mafuta: milioni 3.6. Jumla ni milioni 42.4, na zinabaki milioni 5.6 kabla ya kodi ya mapato na kabla hujajilipa hata senti.

Juu ya hapo weka franchaizi. Mrabaha wa asilimia 7 unakatwa kwenye mauzo, haungojei faida, kwa hiyo ni milioni 3.36, na mfuko wa matangazo ni shilingi 960,000. Kisha kuna jambo ambalo watu wengi hulisahau: mrabaha unaolipwa nje ya nchi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, na Tanzania haina mkataba na Marekani wa kuepuka kodi mara mbili. Mikataba mingi ya franchaizi husema mwenye jina lazima apokee fedha yake kamili, maana yake kodi hiyo unaibeba wewe, kiasi cha shilingi 593,000, kwa kuwa asilimia 15 inahesabiwa kwenye mrabaha pamoja na kodi yenyewe. Ukijumlisha yote, unabakiwa na shilingi 687,000 kwa mwaka mzima, na ada ya kuingia haijarudi.

Lakini tazama kinachotokea seti zile zile zikitoka mara tano badala ya nne. Mauzo yanakuwa milioni 60, gharama ni milioni 44 kwa kuwa kilichoongezeka ni usafiri tu, na zinabaki milioni 16 bila franchaizi, au karibu milioni 9.86 ukiwa nayo. Kipato katika kazi hii kinatokana na mizunguko ya samani. Seti inayolala ghalani inakula kodi ya ghala, inashika ukungu wa hewa ya bahari, na mbao za kubandika zinaanza kuvimba pembeni. Chagua samani nyepesi, zinazofunguka vipande, na upime lifti kabla ya kununua makochi: nimeona vijana wanne wakipandisha kochi la watu watatu kwa ngazi hadi ghorofa ya saba kwa sababu liligoma kuingia kwenye lifti, na walipofika juu kitambaa kilikuwa kimechanika kwenye kona na malipo yao yameongezeka maradufu.

Upande wa pili wa kazi, ambao naupenda zaidi kwa mtu mwenye jicho kama lako, ni ushauri katika nyumba inayokaliwa. Hapo huleti samani. Unaingia sebuleni kwa mteja, ambamo mara nyingi mna makochi mawili makubwa, kabati la vyombo, pazia zito lililofunika dirisha lote na meza ya katikati isiyopitika, unaondoa nusu ya vitu, unafungua mwanga, unaelekeza kuta zipakwe upya, unapanga kilichobaki na kupiga picha. Ukitoza shilingi 350,000 na kupata kazi tatu kwa mwezi, ni milioni 12.6 kwa mwaka, na karibu zote ni zako. Kumbuka tu kwamba ukiwa na franchaizi, asilimia 9 ya hizo nazo zinaondoka, ingawa kazi yote ni macho yako na nauli yako.

Ndiyo maana ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa masharti uliyoniandikia. Anayenunua franchaizi hununua jina linaloleta wateja na mfumo unaopunguza makosa. Jina hilo kule linafahamika kwa mawakala. Hapa dalali wa Sinza na mwenye apatimenti wa Masaki hawajawahi kulisikia, na watakuja kwako kwa sababu ya picha za kazi yako. Mfumo una thamani, lakini mafunzo ya upambaji yanapatikana kwa kulipia mara moja, bila kumkatia mtu sehemu ya mauzo yako kwa miaka kumi. Kama bado unalitaka jina hilo, jadili mambo matatu kabla ya yote: kiwango cha chini cha mrabaha, yaani kiasi unacholazimika kulipa hata mauzo yakiwa madogo, kisiwepo katika miaka miwili ya mwanzo, kodi ya zuio ibebwe na wao, na Dar es Salaam yote iwe yako peke yako. Malipo yao yakihesabiwa kwa dola, kumbuka pia kwamba mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,600, na kwamba kwa kanuni za mwaka 2025 wewe huruhusiwi kuwatoza wateja wako wa hapa kwa fedha za kigeni. Utauza kwa shilingi na kulipa kwa dola, na tofauti itatoka mfukoni mwako.

Swali

Ndugu Mshauri, mimi ni dalali wa nyumba Kinondoni na nina mwenzangu anayepamba. Wenye nyumba hawataki kulipa mbele. Wanasema tukubaliane asilimia fulani nyumba ikishauzwa. Je, hiyo haina faida kubwa zaidi?
*Dalali, Kinondoni*

Jibu

Ndugu yangu, kwenye karatasi inaonekana kubwa, lakini mwacheni huyo mpambaji alipwe kazi yake. Wewe dalali ulichoweka ni muda na simu. Yeye ameweka samani zinazochakaa kila siku. Nyumba inaweza kukwama mwaka mzima kwa sababu ya hati, mgogoro wa mirathi au bei ya muuzaji mwenyewe, mambo ambayo mapazia hayawezi kuyaponya. Mlipwe nusu kabla ya kenta kupakia na nusu siku samani zinapoingia, na baada ya miezi miwili ianze kodi ya kila mwezi ya samani. Mkataba utaje pia nani ananunua umeme wa LUKU, kwa sababu mteja akifika saa saba mchana akakuta kiyoyozi kimezima na taa haziwaki, atakaa dakika tano na kazi yote mliyofanya hataiona.

Swali

Nikianza mwenyewe bila franchaizi, nisajili wapi, na VAT inaanza lini?
*Msomaji, Tabata*

Jibu

Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na usajili pia alama yako ya biashara huko huko ili jina utakalolijenga lisichukuliwe na mwingine. Chukua TIN kwa TRA na leseni ya biashara katika manispaa yako. Usajili wa VAT ni lazima mauzo ya mwaka yanapofika shilingi milioni 200, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki, zitahitajika mapema zaidi ya hapo, kwa kuwa waendelezaji milki hawatakulipa bila risiti.