Ligi ya kriketi ya Marekani inarudi: mwangalie mrushaji

Msimu mpya wa Major League Cricket, ile ligi ya kulipwa ya Marekani, unakaribia. Vijana ninaofanya nao mazoezi ya Jumamosi hapa Nakuru wameshaanza kuuliza: tutaionea wapi, nani atapiga sita nyingi (pigo linalovuka mpaka wa uwanja bila kugusa chini), na je, iko siku Mkenya atavaa jezi ya San Francisco Unicorns, moja ya timu zake? Nitayajibu yote kadiri niwezavyo. Lakini kwanza nina ushauri mmoja ambao ningependa kila kijana anayecheza kriketi kuanzia hapa hadi Kisumu auchukue kabla mpira wa kwanza haujarushwa. Mwangalie mrushaji. Mpigaji mwache, utamwona tu hata usipotaka.

Najua ni ushauri mgumu kwa kijana wa miaka kumi na minne. Mechi ya kufungua msimu wa 2025 ilichezwa Oakland, na Finn Allen wa Unicorns akapiga mikimbio, yaani alama, 151 kwa mipira 51, sita 19 ndani yake, rekodi ya dunia kwa mpigaji mmoja katika mechi ya ova ishirini (ova ni mipira sita). Video ile ilizunguka kwenye simu za watoto wetu wiki nzima. Waliporudi uwanjani kila mmoja alikuwa anarusha gongo kama anakata miwa, na wiketi zikawa zinaanguka ovyo, yaani wapigaji wakitolewa mmoja baada ya mwingine.

Hapa kwetu kuna hatari nyingine. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. Hata Nairobi, ambako ni chini kidogo, ndiko Shahid Afridi wa Pakistan alikopiga mikimbio mia moja kwa mipira 37 mwaka 1996. Kijana akivusha mpaka mara tatu kwenye uwanja wa hapa anaamini amekomaa. Mpeleke Mombasa, pigo lile lile linadakwa hatua kumi ndani ya mpaka, naye anarudi ameduwaa.

Tena sisi Wakenya tunapaswa kuwa wa kwanza kujua thamani ya mrushaji. Kule Pune, tarehe 29 Februari 1996, timu yetu ilipata mikimbio 166 tu dhidi ya West Indies iliyokuwa na mpigaji nyota Brian Lara. Kwa hesabu ya kawaida mechi ilikuwa imekwisha. Tukawatoa wote kwa 93, Maurice Odumbe na Rajab Ali wakichukua wiketi tatu kila mmoja. Mwaka 2003, siku tuliyoifunga Sri Lanka pale Nairobi Gymkhana, Collins Obuya alichukua wiketi tano kwa mikimbio 24, na mwezi uliofuata tulikuwa nusu fainali ya Kombe la Dunia. Siku zile kubwa zilitoka mkononi mwa mrushaji. Na mkono haununuliwi. Gongo zuri ni bei ambayo wazazi wengi hapa hawawezi kuiwaza, lakini mtoto mwenye mpira mmoja, kopo la rangi la kulenga na ukuta wa kuurudisha mpira anaweza kurusha jioni nzima bila kumwomba mtu chochote.

Sasa namna ya kutazama. Msimu uliopita nilijaribu jambo ambalo nitalirudia mwaka huu. Fainali ilichezwa Jumapili tarehe 13 Julai huko Grand Prairie, Texas, MI New York dhidi ya Washington Freedom. Hatukuitazama moja kwa moja. Tuliingoja Jumamosi baada ya mazoezi, tukakaa na kompyuta ya mzazi mmoja aliyetukaribisha sebuleni kwake, na nikawaomba wote wasitafute matokeo. Tulipofika ova ya mwisho nikasimamisha picha. Washington walihitaji mikimbio 12. Waliokuwa wakipiga ni Glenn Maxwell na Glenn Phillips, watu wanaojulikana dunia nzima kwa kumaliza mechi. Mwenye mpira alikuwa Rushil Ugarkar, kijana wa miaka 22, mchezaji wa huko huko Marekani, ambaye wengi wetu hatukuwa tumewahi kumsikia.

Nikawauliza: ungekuwa wewe, ungerusha nini? Mmoja akasema, "Kocha, yoka, yoka sita mfululizo!" Mwingine akapinga, akasema Maxwell anaingojea hiyo yoka, mpira unaotua miguuni pake, afadhali mpira wa polepole, mbali na mwili. Msichana wetu mdogo kuliko wote akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote: upande upi wa uwanja una mpaka wa mbali? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilipoachia picha, Ugarkar alitoa mikimbio sita tu katika ova nzima, akamtoa Maxwell, na MI New York wakachukua kombe kwa tofauti ya mikimbio mitano. Kelele zilizopigwa sebuleni siku ile hazikuwa za sita hata moja.

Kwa hiyo simamisha picha kabla ya mpira. Angalia wadakaji wamepangwa wapi, kisha ubashiri mpira utatua wapi. Katika ova sita za kwanza timu inaruhusiwa wadakaji wawili tu nje ya duara la ndani lililochorwa uwanjani. Baada ya hapo wanaruhusiwa watano. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini mrushaji yule yule anabadilika kabisa baada ya ova ya sita. Mtazame pia anaporudi kuanza mbio zake baada ya kupigwa sita. Wale wazuri hawaharakishi. Wanazungumza na nahodha, wanasogeza mtu mmoja, wanarudi. Vijana wetu wakipigwa wanarusha wa pili kwa hasira, na huo ndio unaopotea nje ya uwanja.

Jambo moja la kuwa nalo macho: viwanja vile ni vya nyasi na udongo ulioshindiliwa, ilhali wengi wetu tunarushia kwenye mkeka uliotandazwa juu ya saruji. Mkeka unaruka zaidi. Usiige urefu wa mpira moja kwa moja. Jaribu mwenyewe, sogeza mbele kidogo.

Kuhusu saa, nitasema wazi: msikeshe. Dallas iko nyuma yetu kwa saa nane na Oakland kwa saa kumi wakati wa kiangazi chao. Mechi ya saa moja na nusu jioni Texas ni saa tisa na nusu usiku kwetu. Mwaka jana ligi ilichezwa kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Julai, ambao hapa ni muhula wa pili, na mwalimu wa hisabati hatajali kama ulikuwa na mrushaji Trent Boult alfajiri. Muhtasari wa dakika kumi unatosha, na hauli bando lote. Mechi nzima chagua chache, za wikendi, mtazame pamoja. Na wale wakubwa kidogo wenye laini zao za simu: usiku ule wa manane ndio programu za kamari zinapokuita. Usiweke hata shilingi kumi. Nimeona kijana mwenye kipaji akiacha kabisa kutazama mchezo, akawa anatazama tiketi yake tu, na mwishowe hakuja tena mazoezini. Inaniuma mpaka leo.

Wazazi mnaniuliza zaidi kuhusu nafasi. Ni kweli ligi inakua. Ilianza 2023 na mechi 19, ikawa 25, mwaka 2025 zikafika 34, na wenye ligi wameshasema hawataki kubaki na timu hizi sita za sasa. Kriketi pia inarudi kwenye Olimpiki, Los Angeles 2028. Lakini kila timu ya ligi hii huruhusiwa wachezaji sita tu wa kigeni uwanjani, na hizo nafasi huenda kwa watu kama Maxwell na Boult. Waliobaki ni wa huko huko, wengi wakipitia ligi ndogo iliyoanzishwa 2021. Hakuna anayekuja Nakuru kuchagua watoto. Mama mmoja aliletwa kwangu na jamaa zake baada ya mtu kumwomba pesa za "majaribio ya Marekani" ya mwanawe. Karatasi zilikuwa na nembo nzuri. Nilimsihi asilipe, na namshukuru Mungu alisikia. Ukiletewa ofa ya namna hiyo, iulize klabu yako na chama cha kriketi kabla ya kutoa senti. Njia ya mtoto wa hapa bado ni shule, klabu, timu ya vijana ya Kenya, kisha timu ya taifa. Akifika huko ndipo mlango wowote wa nje unaweza kufunguka.

Na asome. Hili nalisema kwa sababu ligi yenyewe inalithibitisha. Saurabh Netravalkar wa Washington Freedom ni mhandisi wa programu za kompyuta. Mwaka 2023 aliwachukulia Unicorns wiketi sita kwa mikimbio tisa. Mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia, ndiye aliyerusha ile ova ya ziada Marekani ilipoiangusha Pakistan. Kazi yake hakuiacha.

Wakongwe watakumbuka kwamba na sisi tulikuwa na ligi ya namna hii, ya Afrika Mashariki, mwaka 2011, na eneo letu lilikuwa na timu yake, Rift Valley Rhinos. Haikudumu. Natamani irudi, na natamani ikirudi ikute warushaji walioiva.

Basi msimu huu fanyeni hivi. Kila kijana achague mrushaji mmoja, awe wa kasi au wa kuzungusha, amfuate mechi zake zote kwa muhtasari. Achukue daftari, achore duara la uwanja, aweke nukta mahali wadakaji walipo kila mrushaji wake anapoanza ova. Jumamosi tuje na madaftari pale uwanjani, tuchague mpango mmoja na kuujaribu kwenye neti na mpigaji wetu hodari kuliko wote. Walio Kisumu, Kakamega na Eldoret wanaweza kufanya vivyo hivyo, na tukikutana kwenye mechi za klabu mje na zenu. Mimi mwaka huu nimemchagua Ugarkar.