Njia tuli: ya kwenda unayo, ya kurudi je?

Salaam ndugu. Umesema kompyuta za Shela hazifiki kwenye printa ya ofisi yenu ya Lamu mjini, ingawa antena zinaonana na njia tuli (static route, maelekezo ya njia yanayoandikwa kwa mkono) umeshaiandika kwenye ruta ya Shela, kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao. Tatizo nadhani liko mjini.

Tuseme Shela ni 192.168.20.0/24, mjini 192.168.10.0/24, na antena zinaunganisha ruta mbili: 10.0.0.1 ya mjini, 10.0.0.2 ya Shela. Pakiti, yaani kifurushi cha data, ikitoka Shela, ruta inatazama jedwali lake la njia, inaona mtandao wa mjini unapitia 10.0.0.1, inaikabidhi huko. Printa inaipata na kujibu. Lakini ruta ya mjini haijaambiwa Shela iko wapi! Basi inafuata njia yake ya msingi (default route, ya anwani zote zisizo na njia yao kwenye jedwali) na kulisukuma jibu kuelekea intaneti, ambako anwani za faragha kama hizi hazipitishwi. Ni sawa na abiria aliyevushwa kwa mashua hadi mjini, kisha akakosa wa kumrudisha.

Kwenye ruta ya mjini andika: mtandao 192.168.20.0, kinyago (subnet mask, ndiyo ile /24) 255.255.255.0, kupitia 10.0.0.2. Angalia hapo mwisho, maana wengi huweka anwani ya ruta yao wenyewe. Inatakiwa ya jirani, anayefikiwa moja kwa moja.

Tazama pia kama printa ina lango (gateway, anwani ya ruta inayoipitishia data ya kwenda mitandao mingine). Ikiwa anwani yake iliwekwa kwa mkono na lango likaachwa tupu, itawajibu wa mjini tu. Ikigoma bado, tubandikie hapa majedwali ya ruta zote mbili.